Safari Yetu ya Mabamba

Wengi wenu mmepata kusikia habari za Kigoma, ziwa lake na dagaa wake, na habari ya reli iliyofika huko mwaka 1914. Lakini habari za Mabamba huenda hamjazisikia, maana Mabamba haiko katika njia ya kwenda mahali pengine ila Burundi. Mtu atokaye mji wa Kibondo hushika njia ya kuelekea machweo ya jua, akapanda vilima na kuvishuka, akapita misitu ya miyombo yenye mizinga ya nyuki juu ya matawi. Asali ya Kibondo yasifiwa mbali. Nasi tuliionja, wala sifa zake hazikutudanganya. Kisha huja migomba, na mihogo, na maharage, na udongo mwekundu ambao wakati wa mvua hushika viatu kama mdai ashikavyo shati la mdaiwa.

Mabamba ni mpakani. Ng'ambo ni Gisuru ya Burundi. Mto Malagarasi, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa nchi hizi mbili, wapita katika nyanda hizi kabla ya kuzunguka mbali na kurudi kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Sokoni Mha na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani, hata mgeni hawezi kujua nani ametoka upande gani isipokuwa atazame fedha iliyo mkononi mwake. Katika mwaka 1972, na tena 1993, na tena 2015, watu wengi waliokimbia vita na fujo za Burundi waliingia mkoa huu; na mwaka huo wa 2015 kambi ya Nduta, katika wilaya hii ya Kibondo, ilifunguliwa tena kwa ajili yao. Wenyeji wa mpakani wamezoea kuona watu wakifika wamechoka, nao hutoa maji kwanza, maswali baadaye.

Tulifika huko mwezi wa Novemba mwaka 2023, nasi tulikuwa watatu, tukiwazuru walimu na jamaa zao. Tulikusudia kuandika habari za soko, na nyuki, na jinsi wazee wanavyosimulia mambo ya malale, maana katika miaka ya 1930 serikali ya wakati ule iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya katika makao makubwa ili wawe mbali na mbung'o. Habari hizo tumeziweka akiba kwa toleo jingine. Malale ni ugonjwa uendao kwa majuma na miezi. Tuliouona sisi Mabamba wahesabiwa kwa saa, na huo ndio uliotushika kalamu.

Tulikuwa wageni katika nyumba ya mwalimu mmoja wa kike. Mumewe alikuwa amekwenda safari ya biashara, wala simu yake haikupatikana. Nyumbani alikuwapo mama mkwe wake, bibi wa miaka mingi, na watoto wanne, ambao wa pili wao ni mvulana wa miaka kumi na mmoja. Majina yao hatutayataja, maana wao hawakutafuta kuandikwa.

Jumamosi jioni, yapata saa mbili usiku, mtoto huyu alikataa chakula. Ulikuwa ugali na maharage yaliyoungwa kwa mawese, naye siku zote ndiye aliyekuwa wa kwanza kunawa. Mama yake akamwuliza, "Una nini, mwanangu?" Akasema tumbo linamuuma, akaweka mkono juu ya kitovu. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Hilo ni chango. Nileteeni chupa yangu." Ikaletwa chupa ya mafuta ya nyonyo, na kijiko.

Wasomaji, hapa sharti tuwaambie jambo ambalo tumelichukua moyoni kwa muda mrefu. Mwaka 2004, katika kijiji kingine cha nyanda hizi, alikuwapo kijana wa kike aliyeanza kazi ya ualimu mwaka uleule. Akashikwa na tumbo siku ya Jumatatu. Akapewa vidonge vya malaria, kisha mafuta ya nyonyo, kisha akapigwa bomba ili asafishwe tumbo. Siku ya Jumatano maumivu yakatulia ghafula, na watu wakafurahi. Sisi tulimtembelea siku ile, tukamkuta amelala, macho yake makubwa, tukamwambia avumilie, anywe uji, maana ugonjwa unaondoka. Hatukujua ya kuwa utulivu ule ndio alama ya kupasuka kwa ndani. Ijumaa tumbo likawa gumu kama ubao. Alifia njiani, Jumamosi asubuhi. Tangu siku ile hatujaweza kumwambia mgonjwa wa tumbo neno hilo, "vumilia," pasipo kumkumbuka yeye.

Basi tulipoiona chupa ile tulisimama. Si desturi njema mgeni kumzuia mwenye nyumba, tena mzee, nasi tuliona haya. Tukasema, "Bibi, twakuomba radhi. Chupa hiyo irudi kabatini mpaka asubuhi. Mtoto asipewe mafuta, wala asipigwe bomba, wala asile kitu."

Bibi akatutazama, akasema, "Nimelea watoto tisa kwa chupa hii. Na kama ni chango tu?"

Tukajibu, "Ikiwa ni chango, bibi, kesho litakuwa ni chango vilevile, na mafuta yatakuwapo."

Akanyamaza, kisha akaweka kijiko chini. Hatukudhani ya kuwa ametukubali. Tulidhani ametustahi kwa kuwa tu wageni.

Usiku mtoto akatapika mara mbili. Angalieni utaratibu wake, maana wataalamu huuangalia sana: maumivu yalitangulia, kutapika kukafuata. Yapata saa kumi za alfajiri akasema maumivu yamehama. Yalikuwa kitovuni, sasa yako chini, upande wa kuume. Mama yake akamsimamisha, naye hakuweza kunyoka. Alitembea ameinama kama mzee, mkono wake umeshika upande ule. Akikohoa, uso wake hukunjamana. Mwili ulikuwa na joto, lakini si joto kali.

Kulipopambazuka mama yake alimketisha juu ya karia ya baiskeli, mmoja wetu akaisukuma na mwingine akamshika mtoto mgongo, tukaenda naye Kituo cha Afya. Watu wa njiani wakatusalimu kwa kupiga makofi na kuinama kidogo, kama ilivyo adabu ya Waha, nasi hatukuweza kujibu kama ipasavyo kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

Tabibu aliyekuwa zamu alikuwa kijana, lakini hakuwa na haraka. Aliuliza kwanza maumivu yalianzia wapi, kisha yako wapi sasa. Akambonyeza tumbo upande wa kushoto, taratibu, na mtoto akalia ya kuwa anaumia upande wa kuume. Akapima damu, akakuta vijidudu vya malaria. Mama akapumua, akasema, "Ashukuriwe Mungu, basi ni malaria." Tabibu akamjibu kwa upole, "Mama, malaria anayo, na dawa yake tutampa. Lakini malaria haimfanyi mtoto ashike upande mmoja. Huyu ana kidole tumbo, na leo hii apelekwe Kibondo."

Neno hili la tabibu twataka walimu wetu walitie moyoni. Katika nchi yenye malaria nyingi, kipimo cha malaria chaweza kuonyesha ndiyo katika mtoto ambaye ana ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Wengi wamechelewa kwa sababu ya jibu la kweli ambalo halikuwa jibu la swali lao.

Sasa tueleze kidogo, kwa ajili ya watoto watakaosomewa habari hii. Mahali utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, chini upande wa kuume, pana kimfuko chembamba kinachoning'inia, urefu wake kama kidole cha mtu, nacho kina mdomo mmoja tu. Mdomo ule huweza kuzibwa, mara nyingi na kipande cha choo kilichokauka, mara nyingine na uvimbe wa ndani, na mara chache na minyoo. Kilichozibwa hujaa, huvimba, hukosa damu, huoza, na mwisho hupasuka, na uchafu wake humwagika katika tumbo zima. Mafuta ya nyonyo na bomba huyasukuma matumbo kwa nguvu. Na kumsukuma mtu ambaye mlango wake umefungwa na ukuta wake umelegea ni kumbomolea nyumba. Lakini maumivu ya upande ule si kidole tumbo siku zote. Mwanamke wa umri wa kuzaa huweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, nayo huua upesi zaidi. Homa ya matumbo nayo huweza kutoboa utumbo. Hayo yote ni kazi ya hospitali kuyatenga, si kazi ya barazani.

Turudi Mabamba. Tabibu akamtundikia mtoto maji, akampa dawa ya maumivu na sindano ya kuua vijidudu, akaanza kupiga simu. Ulikuwa Jumapili. Habari zikaenea, na watu waliokuwa wakienda ibadani wakageuka njia, wakajaa uani kwa kituo. Wengine wakasema tungoje ibada imalizike ili mtoto aombewe na kanisa zima. Mwinjilisti mwenyewe ndiye aliyewajibu, akasema maombi yatafika Kibondo kabla ya gari, basi gari litangulie.

Hapo akaja baba mkubwa wa mtoto, kaka yake mumewe, mtu mrefu mwenye sauti. Akamwambia mama, "Mtoto wa ndugu yangu atapasuliwa, na baba yake hayupo? Nani aliyetoa ruhusa?"

Mama alikuwa ameinama akimshika mwanawe mkono. Akainuka, akasema, "Shemeji, ruhusa nimetoa mimi. Baba yake akirudi atamkuta mtoto ama kaburi, nami sitaki kumwonyesha kaburi."

Hakuna mtu uani aliyesema neno. Yule bwana akatazama chini kwa kitambo. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa fedha, akahesabu shilingi elfu arobaini, akampa mama. Kisha yeye wa kwanza akaingia garini akae karibu na mtoto. Tumesimulia haya si kwa kumwaibisha, maana alitenda kama alivyolelewa: mwana ni wa ukoo, na neno zito hutolewa na wazee. Lakini kidole tumbo hakingoji baraza la ukoo. Wazee wenye busara waweza kutoa ruhusa yao mapema, siku ya afya, kwamba mtoto akishikwa na ugonjwa wa ghafula, mzazi aliyepo aamue pasipo kungoja.

Njia ilikuwa na mashimo, na kila shimo mtoto alipiga kelele. Baba mkubwa akamwonya dereva aendeshe taratibu, kisha akamwonya aende upesi, kisha akanyamaza maana mawili hayo hayakuwezekana pamoja. Huko Kibondo, daktari aliyempokea aliuliza swali tulilodhani ni la mazungumzo tu: "Je, njiani alikuwa akilia gari likiruka?" Kumbe ni swali la ujuzi. Katika Uingereza madaktari waliwauliza wagonjwa 64 waliodhaniwa kuwa na kidole tumbo kama maumivu yalizidi gari lilipopita juu ya matuta ya barabarani; na katika 34 waliothibitishwa kuwa nacho, 33 walisema ndiyo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2012. Mashimo ya njia ya Mabamba yametumika angalau kwa jambo moja.

Mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji saa kumi za alasiri. Tangu alipokataa ugali hadi saa ile zilikuwa zimepita saa ishirini.

Tukakaa nje, juu ya benchi, pamoja na baba mkubwa. Mama hakukaa. Mtu angojaye husema mambo mengi ili asiwaze jambo moja, nasi tukamsimulia yule bwana habari ya mfalme Edward VII wa Uingereza. Mwaka 1902 mfalme huyu alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni; wageni wa falme nyingi walikuwa wamekwisha fika London. Naye alikuwa na maumivu ya tumbo, hakutaka kuahirisha sherehe. Daktari wake wa upasuaji, Frederick Treves, akashikilia ya kuwa sharti apasuliwe. Treves alijua alichokisema, maana binti yake mwenyewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo. Tarehe 24 Juni, siku mbili kabla ya kutawazwa, mfalme akapasuliwa, usaha ukatolewa. Akapona, akatawazwa tarehe 9 Agosti. Baba mkubwa akauliza, "Na wageni wale wote?" Tukasema walingoja, na wengine walirudi kwao. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi hata mfalme alikuwa na shemeji wa kumhimiza." Tukacheka, na kucheka kule kulitusaidia.

Hakika elimu ya ugonjwa huu si ya kale sana. Ni mwaka 1886 tu ambapo Reginald Fitz, daktari wa Boston huko Marekani, alionyesha wazi ya kuwa vifo vingi vya tumbo vyaanzia katika kimfuko hiki kidogo, akashauri kipasuliwe mapema. Na kwetu Afrika ya Mashariki kulikuwa na sababu nyingine ya kuchelewa. Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda tangu mwaka 1946, aliona ya kuwa watu wa vijijini waliugua kidole tumbo kwa nadra sana kuliko Wazungu; mwaka 1971 akaandika ya kuwa sababu yaweza kuwa chakula chetu chenye makapi mengi. Sababu yake ingali yajadiliwa. Lakini nadra si kutokuwapo. Maneno ya kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na watu wa mjini yalishuka mpaka vijijini, yakakaa huko kama ahadi ya kwamba sisi hatuupati. Kijana yule wa mwaka 2004 alikula ugali wa mhogo na maharage maisha yake yote.

Baba mkubwa hakuwa amemaliza. Alikuwa ameona ya kuwa aliyeshika kisu ni daktari msaidizi, akataka kujua, "Huyu ni daktari kweli, au ni wa kujifunzia?" Swali hili twalisikia mara nyingi, tena kwa watu waliosoma. Tulimjibu kwa habari ya mkoa huu wenyewe. Nchini Tanzania tangu zamani matabibu wenye uzoefu waliongezewa mafunzo, wakawa madaktari wasaidizi, wakaruhusiwa kupasua. Na katika wilaya zilizo mbali, wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa kuokoa maisha. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ambao kati ya waliouandika alikuwamo Daktari Godfrey Mbaruku. Walilinganisha upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari kamili, wala hawakuona tofauti kubwa katika kupona kwa akina mama. Ni kweli, ule ulikuwa upasuaji wa uzazi, si wa kidole tumbo. Lakini mkono ni uleule, na chumba ni kilekile.

Na kwa kuwa tumemtaja Mbaruku, hatuwezi kumpita. Alikuwa daktari katika hospitali ya mkoa, Kigoma, katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 akina mama waliokufa kwa uzazi walikuwa kwa kadiri ya 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kufikia mwaka 1991 walikuwa 186. Hakujenga hospitali mpya; alitumia zaidi vile vilivyokuwapo, akapanga kazi na vifaa, akawahimiza watu wake. Alifariki mwaka 2018. Watu wa Kigoma waliofunzwa na kazi yake wajua vema ya kuwa mama mjamzito huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa afikapo. Mama aliyeshindwa kujifungua siku hizi ana mpango wa usafiri wa dharura uitwao M-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, nao ni kwa wajawazito na waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye kidole tumbo hayumo. Yeye ana wazazi wake, na majirani, na fedha iliyoko mfukoni mwa baba mkubwa.

Tulipokuwa tukingoja, daktari mwingine alipita, naye alitueleza jambo lililogeuza mawazo yetu, nasi baadaye tulilitafuta katika maandiko ya waganga, tukaliona ni kweli. Sisi tulidhani hatari kubwa ni saa za kungoja mlangoni pa chumba cha upasuaji. Sivyo. Katika Finland na Norwei waliwagawa wagonjwa 1,803, watu wazima ambao kidole tumbo chao hakijapasuka: wengine wapasuliwe ndani ya saa 8, wengine ndani ya saa 24. Habari ilitangazwa mwaka 2023, na hesabu ya waliopasukiwa ilikuwa karibu sawa: 8 na 9 katika kila 100. Mgonjwa aliyekwisha fika, aliyetundikiwa maji, anayetazamwa, aweza kungoja saa chache. Lakini uchunguzi mwingine, wa New York, uliotangazwa mwaka 2006, ulihesabu saa tangu dalili ya kwanza. Ndani ya saa 36, waliopasukiwa hawakuzidi 2 katika 100. Baada ya hapo hatari ikawa yapata 5 katika 100 kwa kila saa 12 zilizofuata. Basi saa zile mbaya hazipotei hospitalini. Hupotea mkekani, na uani, na njiani. Siku ya upasuaji huanza pale mtoto anapokataa chakula, na mwenye kuianzisha ni mama au mwalimu, wala si daktari.

Tena, mtu asije akatulaumu kwamba tumeficha: yako maradhi ya kidole tumbo yaponayo kwa dawa pasipo kisu. Huko Marekani mwaka 2020 walitangaza habari za watu wazima 1,552. Nusu yao walipewa dawa za kuua vijidudu tu, nao wengi wakapata nafuu, ila yapata 3 katika 10 walilazimika kupasuliwa kabla ya siku 90 kupita. Lakini wale walipigwa picha za mashine kwanza, na hospitali ilikuwa karibu nao mchana na usiku. Mtu wa Mabamba akirudishwa nyumbani na vidonge, na kile kidole kikivimba tena mvua inyeshapo na njia ikakatika, nani atamtazama? Kwa nchi kama hii, sisi twaona kisu cha siku hiyohiyo ndicho chenye huruma zaidi. Madaktari na watupinge wakitaka.

Yapata saa kumi na moja na nusu mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka na bakuli dogo, akamwonyesha mama. Kilikuwa kimevimba kama kidole gumba cha mtu mzima, na ncha yake nyeusi. Hakikuwa kimepasuka. Daktari msaidizi akaja nyuma yake, akivua glavu, akasema kwa kifupi, "Mngelala naye usiku mmoja zaidi, ningekuta habari nyingine." Mama akaketi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Baba mkubwa akamshika yule daktari mkono kwa mikono yake miwili, asiuachilie, wala hakuuliza tena kama ni daktari kweli.

Jumatatu mtoto alikunywa chai. Jumanne akatembea, akishika ukuta. Baba yake akafika jioni ile, suruali yake ina tope mpaka magotini, maana simu ilimpata siku hiyo asubuhi. Alisimama mlangoni pa wodi, hakusema neno. Mtoto ndiye aliyeanza: akamwambia ya kuwa amekatwa kidole, na kwamba hakijulikani kimetupwa wapi, naye alitaka awaonyeshe wenzake shuleni.

Sisi tulirudi Mabamba kuchukua mizigo yetu. Bibi alikuwa uani, na ile baiskeli imelazwa mbele yake, magurudumu juu. Tukamsalimu, "Mwakeye, bibi." Akaitikia, akatuuliza habari za mjukuu wake, ingawa alikuwa amekwisha zipata mara tatu kwa watu watatu. Mkononi alikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo, na unyoya wa kuku, naye alikuwa akiupaka mnyororo.